Kiini Hiki ni cha Nani?

Chambua mnofu wa ng'ombe uliochemka hadi ukalainika. Utaachana nyuzi nyuzi, kila mmoja mwembamba kama uzi wa kushonea. Hata huo unaoshikika kwa vidole bado ni fungu. Ndani yake zimelala nyuzi nyembamba zaidi, zenye unene wa mikromita 50 hivi, na baadhi hufikia urefu wa sentimita kadhaa. Kila mojawapo ya hizo nyembamba ni seli moja.

Hapo ndipo ajabu inapoanza. Seli ya ini, ya ngozi au ya figo kwa kawaida ina kiini kimoja, chumba kinachohifadhi DNA na kutoa maagizo ya kutengeneza protini. Uzi wa msuli una mamia ya viini, na ulio mrefu una maelfu, vimepangika chini ya utando wake. Vimetoka wapi? Msuli unapotanuka kwa mazoezi, vinaongezeka? Na mguu unapokonda baada ya kufungwa plasta kwa wiki sita, vinakwenda wapi?

Majibu yametafutwa kwa karibu miaka 200. Ninavyoisoma mimi, ni historia ya swali moja lililoulizwa upya kila kilipopatikana kifaa kipya: kiini hiki ninachokiona ni cha nani? Ni cha uzi wenyewe, au cha jirani aliyejibanza ubavuni mwake? Walioshindwa kulijibu walipotoka, wakiwemo mabingwa, na walioweza kulijibu walibadilisha somo zima.

1831–1892: Seli moja au nyingi?

Jina la kiini lilitolewa mwaka 1831 na Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alipokuwa akichunguza maua ya okidi. Miaka minane baadaye Theodor Schwann, Mjerumani, alichapisha kitabu kilichodai kwamba wanyama wote wameumbwa kwa seli. Msuli ulimpa taabu, kwa kuwa hakuona mipaka ya seli ndani ya uzi. Aliona viini tu. Akahitimisha kwamba uzi huzaliwa kwa seli nyingi kuungana na kuwa kitu kimoja.

Robert Remak, aliyefanya kazi Berlin, alikataa. Kwake yeye, seli hutokana na seli nyingine kwa kugawanyika, na uzi wa msuli ni seli moja iliyorefuka huku kiini chake kikigawanyika mara nyingi bila seli yenyewe kugawanyika. Katika jambo hilo kuu la asili ya seli, Remak alikuwa sahihi kuliko wenzake wengi. Katika jambo la msuli, kama tutakavyoona, mshindi alikuwa Schwann, na ushindi wake ulithibitishwa yeye akiwa kaburini miaka mingi.

Kwa nini ubishi ulichukua zaidi ya karne? Kwa sababu wote walitazama vipande vya msuli uliokufa. Kipande hakionyeshi mwendo. Ukiona viini kumi ndani ya uzi, huwezi kujua kama ni wageni kumi waliohamia au watoto kumi wa mzazi mmoja.

Wazo moja la wakati huo liliishi na kuja kuzaa matunda. Mwaka 1892 Julius Sachs, naye mtaalamu wa mimea, alipendekeza kwamba kila kiini hutawala eneo lake la utomvu wa seli, na kwamba kiini pamoja na eneo hilo ndicho kipande halisi cha uhai. Alikuwa akifikiria mimea na mwani. Karibu miaka mia baadaye wanasayansi wa misuli waliliokota wazo hilo, nasi hapa tutaliita himaya ya kiini.

1960–1967: Panya wa wazazi wanne

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 seli changa za misuli zilikuzwa katika vyombo vya maabara na kutazamwa zikiwa hai. Zilionekana zikijipanga, zikigusana, kisha zikimiminikiana hadi mipaka ikatoweka. Wakati huohuo Frank Stockdale na Howard Holtzer walionyesha kwamba viini vilivyokwisha kuingia ndani ya uzi havitengenezi tena DNA mpya. Yaani haviwezi kugawanyika. Hapo dai la Remak lilipata pigo kubwa: uzi ukihitaji viini zaidi, lazima uvipate kutoka nje.

Lakini chombo cha kioo si mwili. Ushahidi wa mwilini uliletwa mwaka 1967 na Beatrice Mintz na Wilber Baker huko Philadelphia, kwa jaribio ambalo kila nikilisoma linanifurahisha upya. Walichukua viinitete viwili vya panya wa koo tofauti, wakaviunganisha vikiwa vichanga mno, wakapata panya mmoja mwenye wazazi wanne. Koo hizo zilitofautiana katika kimeng'enya kimoja ambacho hujengwa kwa vipande viwili vinavyoshikana. Katika seli yenye kiini cha ukoo mmoja, vipande vyote viwili vitakuwa vya ukoo huo. Kimeng'enya mchanganyiko, nusu huku na nusu kule, kinaweza kutokea tu ikiwa viini vya koo zote mbili vinachangia chungu kimoja.

Katika misuli ya mifupa, kimeng'enya mchanganyiko kilikuwepo. Katika viungo vingine walivyopima, hakikuwepo. Nyuzi za misuli zilikuwa zimetokana na seli nyingi zilizoungana, kama Schwann alivyosema mwaka 1839.

1961–1971: Jirani wa ubavuni

Ikiwa viini hutoka nje, nje wapi? Jibu lilikuwa limekwisha kuchapishwa, ila halikujulikana bado kuwa ni jibu.

Mwaka 1961 Alexander Mauro, mwanabiofizikia wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alikuwa akitazama msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni. Hadubini ya kawaida ilionyesha viini vimepangika ukingoni mwa uzi, na kila mtu alivihesabu kuwa vya uzi. Hadubini mpya ilimwonyesha Mauro kwamba baadhi havikuwa vya uzi kamwe. Vilikuwa na utando wao na utomvu wao mchache. Vilikuwa seli kamili, zimebanwa kati ya utando wa uzi na ala inayouvika kwa nje. Akaziita seli setilaiti, kwa kuwa zilikaa pembeni ya uzi mkubwa kama kitu kidogo kinachoandamana na kikubwa. Mwaka huohuo Bernard Katz wa London alizitaja pia, katika utafiti uliohusu neva za chura.

Makala ya Mauro ilikuwa fupi, kurasa chache tu, lakini alithubutu kukisia: huenda seli hizi ni masalia ya wakati wa mimba, zimelala zikisubiri msuli uumie. Hakuwa na ushahidi, ila alikisia vizuri sana.

Hapa historia inapita kwetu. David Allbrook, aliyekuwa profesa wa anatomia Makerere, Kampala, alichapisha mwaka 1962 uchunguzi wa hadubini ya elektroni kuhusu msuli unaojijenga upya baada ya jeraha. Mwaka 1966 akaandika pamoja na wenzake, akiwemo William Kirkaldy-Willis, daktari wa mifupa aliyefanya kazi Nairobi, kuhusu jinsi misuli ya wanyama na ya binadamu inavyopona. Swali lao lilikuwa la wodini: kiungo kilichopondwa, nyama yake itarudi au itabaki kovu? Baadaye Allbrook alihamia Perth, Australia, ambako mwaka 1971 yeye na wenzake walieleza jinsi idadi ya seli setilaiti inavyobadilika kadiri umri unavyosonga. Jina lake halitajwi sana linapozungumziwa somo hili, na nadhani linastahili kutajwa zaidi, hasa na sisi wa huku.

Uthibitisho ulikuja mwaka huohuo wa 1971 kutoka Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. F. P. Moss na Charles Leblond waliwadunga panya wanaokua thimidini yenye mnururisho, kemikali inayoingia tu katika DNA inayotengenezwa wakati huo. Kwa hiyo kila kiini kinachojiandaa kugawanyika kilipata chapa. Saa moja baadaye chapa zilikuwa katika seli setilaiti, na viini vya nyuzi vilikuwa safi. Siku chache baadaye chapa zikaonekana ndani ya nyuzi. Ni kama kumfunga ndege pete mguuni na kumkuta nchi nyingine: njia yake imejulikana. Seli setilaiti hugawanyika, na baadhi ya watoto wake huungana na uzi na kuuachia viini vyao.

1971–1999: Himaya

Sasa ilijulikana viini vinatoka wapi. Swali likawa: vina kazi gani, na kwa nini uzi mmoja uhitaji vingi hivyo?

Sababu ni ukubwa. Maagizo yanayotoka katika kiini hayasafiri mbali. Mwaka 1989 maabara mbili, moja ya Zach Hall na Evelyn Ralston, nyingine ya Helen Blau na Grace Pavlath, zilionyesha kwamba protini kadhaa hubaki karibu na kiini kilichoziagiza, hata ndani ya seli isiyo na kuta za ndani. Wazo la Sachs likafufuka. Kama kila kiini kina himaya yake, basi uzi unaotaka kunenepa utahitaji viini vipya, la sivyo himaya zitapanuka kupita uwezo wa watawala wake.

Ushahidi wa upande huo uliongezeka. Mwaka 1992 Rosenblatt na Parry walipiga misuli ya panya mionzi ili seli setilaiti zisiweze kugawanyika, kisha wakaitwika kazi nzito; haikukua kama ilivyotarajiwa. Huko Umeå, Sweden, Fawzi Kadi na wenzake walichunguza wanyanyua vyuma mwaka 1999, wakakuta waliotumia steroidi za kujenga mwili wana nyuzi nene na viini vingi kuliko wenzao wasiotumia.

Kutoka hapo hatua moja tu ilibaki, na karibu kila mtu aliipiga bila kusita. Ikiwa msuli ukikua huongeza viini, basi ukikonda lazima uvipunguze. Ilionekana ni hesabu tupu. Panya waliorudi kutoka angani na panya walioning'inizwa miguu ya nyuma isikanyage chini walipochunguzwa, zikaonekana dalili za viini vinavyokufa ndani ya misuli yao. Vitabu vikaandika kwamba kukonda kwa msuli huambatana na kifo cha viini.

Kosa lilikuwa lilelile la kabla ya Mauro. Msuli si nyuzi tu. Una mishipa ya damu, seli setilaiti, seli za tishu unganishi, na takriban nusu ya viini vyote vilivyomo katika kipande cha mnofu si vya nyuzi. Ukiona kiini kinakufa katika kipande chembamba, lazima kwanza ujue kimefia nyumba gani.

2003–2013: Oslo, na viini vilivyobaki

Kristian Gundersen wa Chuo Kikuu cha Oslo aliamua kuacha vipande. Yeye na Jo Bruusgaard walimlaza panya hai kwa dawa ya usingizi, wakafungua ngozi ya mguu, wakaudunga uzi mmoja wa msuli kwa sindano nyembamba mno. Kilichodungwa kilikuwa vipande vifupi vya DNA vyenye rangi inayong'aa, vinavyokimbilia ndani ya viini. Kwa kuwa rangi iliwekwa ndani ya uzi, kila kiini kilichong'aa kilikuwa cha uzi huo bila shaka yoyote. Ngozi ikashonwa. Siku kadhaa baadaye uzi uleule ulitafutwa, na viini vilevile vikahesabiwa tena.

Matokeo ya mwaka 2008 yaliwashangaza wengi. Walikata neva, wakazuia mapigo ya neva, wakauondolea msuli mzigo. Nyuzi zilikonda hadi chini ya nusu ya unene wake. Viini havikupungua. Kulikuwa na viini vinavyokufa, ndiyo, lakini vilikuwa vya seli setilaiti na vya tishu unganishi.

Mwaka 2010 wakageuza jaribio. Waliutwika msuli mzigo kwa kuondoa sehemu ya msuli unaousaidia. Viini vipya vilianza kuonekana siku ya sita, kabla uzi haujaanza kunenepa kwa dhahiri, na baada ya wiki tatu vilikuwa vimeongezeka kwa asilimia 54. Kisha neva ikakatwa. Uzi ukasinyaa, na viini vipya vikabaki pale, pamoja na vya zamani, kwa miezi mitatu. Panya anaishi miaka miwili hivi. Miezi mitatu kwake ni kipindi kirefu.

Makocha walikuwa wameliona jambo hili bila jina. Mtu aliyewahi kuwa na nguvu, akaacha mazoezi miaka kadhaa, akirudi huupata mwili wake haraka kuliko anayeanza. Mwaka 1991 Robert Staron na wenzake huko Ohio waliwapima wanawake waliofanya mazoezi ya uzito wiki 20, wakapumzika wiki 30 hivi. Wiki sita tu za kurudi ziliwarejesha karibu na walipokuwa. Maelezo ya siku zile yalisema neva ndizo zinazokumbuka. Gundersen alisema hapana, au si neva peke yake: msuli wenyewe una kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ni viini vilivyobaki.

Mwaka 2013 timu yake iliuliza swali lililougusa ulimwengu wa michezo. Panya jike walipewa testosteroni siku 14. Viini viliongezeka kwa asilimia 66, na nyuzi zikanenepa kwa asilimia 77. Dawa ikaondolewa, na baada ya wiki tatu unene ulikuwa umerudi kama wa panya wasiopewa kitu. Miezi mitatu baadaye wote wakatwikwa mzigo kwa siku sita. Waliowahi kupewa dawa walinenepa nyuzi kwa asilimia 31. Wengine hawakuongezeka kwa kiasi cha maana. Ikiwa mambo ni hivyo kwa binadamu pia, mwanariadha aliyefungiwa miaka miwili kwa kutumia dawa hurudi uwanjani akiwa bado na faida aliyoipata kwa udanganyifu, na mpinzani wake msafi hana habari. Jambo hili linaniuma kwa niaba ya kila aliyemaliza wa nne.

Umri wa viini vya binadamu, kwa bahati, ulikuwa umepimwa kwa njia isiyotarajiwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 yaliijaza hewa kaboni-14, na baada ya mkataba wa 1963 kiwango kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. DNA huchukua kaboni ya siku iliyotengenezwa, kisha haibadilishi. Mwaka 2005 Kirsten Spalding na Jonas Frisén, Stockholm, waliitumia saa hiyo kwa misuli ya mbavu ya watu waliofariki wakikaribia miaka 40. Wastani wa umri wa seli zake ulikuwa miaka 15 hivi. Uovu wa mabomu uliacha alama, na alama hiyo ikatuambia kwamba DNA iliyo katika misuli yetu hukaa miaka mingi.

2011 hadi leo: Ubishi haujaisha

Huko Kentucky, John McCarthy, Charlotte Peterson na wenzao walitengeneza panya ambao seli setilaiti zao zingeweza kuuawa kwa dawa wakiwa wazima. Mwaka 2011 waliua zaidi ya asilimia 90, wakaitwika misuli mzigo wiki mbili. Misuli ilikua vilevile. Himaya zilipanuka na watawala wakamudu. Oslo ilijibu mwaka 2016 kwa panya wa aina hiyohiyo: kwao, bila seli setilaiti nyuzi hazikunenepa. Tofauti ilitokana kwa sehemu na namna ya kupima, na umri wa panya pia una neno lake. Kazi za baadaye zilionyesha kwamba panya wachanga huzihitaji seli hizo kuliko wazima.

Mwaka 2019 Kentucky ikaleta pigo jingine. Panya waliokimbia kwenye gurudumu lenye uzito waliongeza viini, na walipoachishwa viini vikapungua. Njia ilikuwa tofauti, mazoezi ya hiari badala ya upasuaji, na jibu likawa tofauti. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Robert Seaborne na Adam Sharples wa Uingereza walikuwa wamefuata njia ya tatu. Waliwapa wanaume wanane wiki saba za mazoezi, saba za kupumzika, saba za kurudi, wakakuta alama za kemikali juu ya DNA zilizobaki baada ya mapumziko. Huenda, basi, kumbukumbu haiko katika idadi ya viini peke yake, bali pia katika kilichoandikwa juu yake.

Mimi naona Oslo wana hoja nzito kuliko wapinzani wao katika jambo moja: walikiona kiini kilekile leo na kesho. Wengine wengi walihesabu panya huyu na kulinganisha na yule. Lakini kukata neva si maisha ya kawaida ya mtu, na Kentucky walikuwa na haki ya kulisema hilo.

Ushahidi mwingine wa binadamu ulikuja mwaka 2024. Watu 12, wanawake kwa wanaume, walifanya mazoezi ya mkono mmoja wiki 10, kisha wakapumzika wiki 16. Nyuzi zilikonda. Viini vilivyoongezeka vilibaki: katika nyuzi za mwendo wa kasi, mkono uliofanya kazi ulikuwa na viini asilimia 33 zaidi ya ule wa pili.

Nyuzi hizo za kasi ndizo zinazokonda zaidi uzeeni, na seli setilaiti za ubavuni mwake ndizo zinazopungua. Lakini hazikwishi. Mwaka 1990, katika makao ya wazee ya Boston, Maria Fiatarone aliwapa watu dhaifu wenye umri wa miaka 90 hivi mazoezi ya uzito kwa wiki nane. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutumia fimbo. Wakati ule hakuna aliyehesabu viini vyao.